Namna ya kufanya kazi na watafiti wa uhandisi wa programu: mwongozo kwa wanaoandika programu za utafiti

Maswali ni yale yale kila mara. "Profesa wa uhandisi wa programu ameniandikia, anataka kutazama msimbo wetu. Nimjibu nini?" "Tukimkubalia, sisi tunapata nini?" "Akiandika kwamba kazi yetu ni mbovu, itakuwaje?" Na kutoka upande wa pili: "Nimetuma hojaji kwa watu sitini, wamejibu wawili. Nimekosea wapi?" Nimeyajibu mara nyingi kwa barua pepe na kwa mdomo, sasa nayaweka mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako hasa wewe unayeandika programu za utafiti: ya kuiga mtiririko wa maji ardhini, ya kusafisha picha za darubini, ya kulinganisha jenomu. Kama wewe ndiye profesa au mwanafunzi wake, soma pia. Utaona mlango unavyoonekana kwa aliye ndani.

Jambo moja tu la nadharia, kisha tuingie kazini. Jina "uhandisi wa programu" lilivuma kuanzia mkutano wa Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968. Wanataaluma wake huchunguza jinsi programu zinavyojengwa: hitilafu huzaliwa wapi, timu hugawanaje kazi, majaribio gani hukamata makosa. Cheo cha "mhandisi wa programu za utafiti" ni kichanga zaidi. Kilibuniwa mwaka 2012 mjini Oxford, kwenye warsha ya Software Sustainability Institute, taasisi ya Uingereza inayoshughulikia programu za utafiti. Majina yanakaribiana, kazi zinatofautiana. Wewe unalipwa ili programu itoe majibu. Yeye analipwa ili apate maarifa yatakayomfaa hata mtu asiyeijua programu yako. Mivutano mingi niliyoiona ilianza pale ambapo upande mmoja ulisahau hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtu mmoja kila upande mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Kamati ya watu saba haifai.
- Saa za kazi zilizotengwa. Saa mbili kwa wiki za mtu mmoja zinatosha kuanzia, mradi ziwe kwenye mpango wa kazi na zisiwe za kuiba usiku.
- Leseni. Msimbo usio na leseni haujampa mtu ruhusa ya kuusambaza, hata kama uko wazi kwenye intaneti.
- Hifadhi ya Git (mfumo unaotunza msimbo na kila badiliko lake) yenye historia kamili, na maelekezo ya usakinishaji ambayo mgeni mmoja ameyajaribu mbele yako.
- Anwani ya kamati ya maadili ya taasisi ya mtafiti.
- Shida moja inayokuuma kweli.

Kama mkuu wako haoni sababu ya kutenga hizo saa, mpelekee utafiti wa Software Sustainability Institute wa mwaka 2014. Waliulizwa watafiti 417 katika vyuo vikuu 15 vya Uingereza: asilimia 92 walisema wanatumia programu za utafiti, na asilimia 69 walisema kazi yao isingewezekana kivitendo bila hizo programu. Kitu kinachobeba mzigo kiasi hicho kinastahili kuchunguzwa namna kinavyojengwa.

Hatua ya 1: Andika shida yako kwa sentensi moja

"Tunataka kuinua ubora wa msimbo" haimpi mtu pa kushika. Linganisha na hii: "Kila tukibadilisha kompaila, baadhi ya majaribio yetu yanashindwa, na hatujui kama ni hitilafu au ni desimali za mwisho tu." (Kompaila ni programu inayogeuza msimbo uwe maagizo ya kompyuta.) Hapo mtafiti anaweza kuanza kazi kesho asubuhi. Ukishindwa kuandika sentensi ya namna hiyo, subiri. Usimwite mtu kwa sababu tu ushirikiano unapendeza kwenye ombi la ruzuku.

Hatua ya 2: Igeuzeni shida iwe swali, mkiwa pamoja

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapokimbia haraka mno. Shida ni yako peke yako; swali la utafiti lazima liwahusu na wengine. Kutoka kwenye shida hadi kwenye swali kunahitaji vichwa viwili.

Chukua ile sentensi ya desimali. Nyuma yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni hesabu ya kompyuta yenyewe: ukijumlisha nambari tatu za desimali kwa mpangilio tofauti, jibu la mwisho linaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo programu inayogawa kazi kwa vichakato vingi huenda isitoe jibu lile lile mara mbili. La pili ni zito zaidi: programu nyingi za utafiti zimeandikwa kwa sababu hakuna anayelijua jibu. Kama tungelijua, tusingeiandika programu. Sasa jaribio litalinganisha na nini?

Mtafiti wa majaribio ya programu atalitambua swali hili mara moja, maana taaluma yake imehangaika nalo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1998 T. Y. Chen na wenzake walipendekeza njia ambayo naiona inafaa sana kwa kazi zetu: usipojua jibu, angalau unajua uhusiano kati ya majibu. Zungusha gridi ya uigaji nyuzi 90, matokeo nayo yazunguke nyuzi 90. Badilisha vipimo vyote kutoka mita kwenda sentimita, umbo la jibu lisibadilike. Ongeza mvua bila kugusa kitu kingine, na mafuriko yasipungue. Uhusiano ukivunjika kuna hitilafu, hata kama hakuna aliyejua jibu sahihi lilikuwa lipi.

Ona kazi ilivyogawanyika hapo. Mtafiti analeta njia. Wewe ndiye unayejua kwamba mvua ikiongezeka mafuriko hayapungui, na ndiye unayejua ni katika hali gani kanuni hiyo haishiki. Swali linalozaliwa, kwa mfano "ni mahusiano gani ya kifizikia yanayokamata hitilafu nyingi kwa muda mdogo wa kompyuta?", linamfaa yeye kuliandikia makala na linakufaa wewe Jumatatu ijayo.

*Onyo:* Usilegeze kiwango cha tofauti inayoruhusiwa mpaka majaribio yote yapite. Kiwango hicho kitoke kwenye sayansi: kosa la kifaa cha kupimia, au usahihi wa njia ya hesabu mliyoitumia. Mwandike sababu kando ya nambari.

Hatua ya 3: Mtafute mtu

Kama hakuna aliyebisha hodi, anza na idara ya sayansi ya kompyuta iliyo karibu nawe. Kisha tazama programu za makongamano: ICSE, la uhandisi wa programu kwa jumla, linalofanyika tangu 1975, na MSR, lililoanza 2004 likijihusisha na uchimbaji wa hifadhi za msimbo. Soma makala mbili za mtu kabla ya kumwandikia. Barua yako iwe na aya tatu: sentensi ya hatua ya 1, kiungo cha hifadhi, na unachoweza kumpa (muda, data, watu wa kuhojiwa). Inatosha.

Hatua ya 4: Mkutano wa kwanza uwe wa saa moja, na msimbo uwe mezani

Weka slaidi pembeni. Fungua faili linalokuaibisha zaidi, lile lenye mistari elfu nne, na umweleze lilivyofika hapo. Ukificha sasa atalikuta mwezi wa tatu, na kila ulichomwambia kitaanza kutiliwa shaka.

Kisha mkubaliane maneno. Hili linaonekana dogo ila limewapotezea watu miezi. Kwa Kiswahili neno "jaribio" linabeba mambo mawili: mwanasayansi analisikia la maabara, mwandishi wa programu analisikia la kukamata hitilafu. "Modeli" kwa mtaalamu wa hali ya hewa ni milinganyo. Kwa mhandisi wa programu mara nyingi ni mchoro wa mfumo. Kwa mtu wa akili unde ni faili la vigezo vilivyofunzwa. Andikeni maneno kumi mnayoyatumia sana na maana yake mbele. Karatasi hiyo ikae ndani ya hifadhi.

Hatua ya 5: Andikeni mapatano ya ukurasa mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa huo ujibu haya kwa lugha ya kawaida:

Ni data gani itaguswa, na ipi haitaguswa kabisa? Nani atakuwa mwandishi wa makala, na kwa mchango gani? Nani ataitunza zana itakayoundwa, na mpaka lini? Upande wenu utapata siku ngapi za kusoma rasimu? Siku 14 ni za haki. Tarehe zipi hazisogei: toleo lenu jipya, mwisho wa ruzuku, tarehe ya kuwasilisha makala, mwanafunzi kumaliza shahada? Na mwisho, upande mmoja ukitaka kuacha, unaachaje?

Kuhusu majina kwenye makala, tumieni CRediT, orodha ya kutaja nani alichangia nini kwenye makala ya utafiti. Ina aina 14 za mchango, na kuandika programu ni mojawapo. Badala ya kubishana nani "amestahili", kila mtu anaweka alama kwenye alichofanya. Mzungumze mapema, kabla hakujawa na matokeo ya kugombania.

*Onyo kubwa:* Haki ya kusoma rasimu isigeuke haki ya kuzima matokeo. Unaweza kusahihisha ukweli ("moduli hiyo tuliiacha mwaka juzi"), na jibu lako likachapishwa. Usimzuie mtu kusema alichokiona. Mtafiti makini atakataa sharti hilo, na ana haki.

Hatua ya 6: Linda watu kabla ya data

Mwaka 2021 ilijulikana kwamba watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliwatumia watunzaji wa kiini cha Linux (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo wa kompyuta) viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, vyenye kasoro za makusudi, wapime kama vitapita. Watunzaji hawakuombwa ridhaa. Michango ya chuo hicho ikapigwa marufuku, viraka vyake vya zamani vikapitiwa upya, na makala ikaondolewa. Waliobeba mzigo wa kusafisha ni wale wale waliofanywa sampuli.

Kwa timu yako hatari huwa ya kimya zaidi. Ridhaa ya mkuu wa maabara haitoshi kuwa ridhaa ya mwanafunzi anayehojiwa. Kila mtu aulizwe peke yake, na aweze kukataa bila mkuu kujua. Data ghafi kuhusu nani aliandika nini na lini zisifike kwa mtu anayepandisha vyeo. Hilo liandikwe kwenye ule ukurasa mmoja kwa maneno mazito.

Na msidanganyike na kuficha majina. Katika mradi wa watu watano, "mtunzaji mkuu" ana sura. Ujumbe uliokuwa wazi kwenye intaneti ukinukuliwa neno kwa neno, mtu yeyote ataubandika kwenye injini ya utafutaji na kumpata aliyeuandika. Mwombe mtafiti aeleze maana yake kwa maneno yake.

Hatua ya 7: Tengeneza historia isomeke

Mtafiti atakapoivuta hifadhi yako, kompyuta yake itahesabu. Isipoelezwa, itahesabu uongo. Endesha `git shortlog -sne` sasa hivi uone: mtu mmoja huenda ana majina manne na barua pepe tatu. Andika faili la `.mailmap` linalounganisha majina hayo, na Git italiheshimu.

Zaidi ya hapo, andika maelezo ya nusu ukurasa yenye mambo ambayo historia haiyasemi. Je, kuna mtu anayeingiza msimbo wa wanafunzi kwa jina lake? Je, miaka ya mwanzo ilikuwa kwenye mfumo mwingine, kisha yote ikaletwa siku moja kama badiliko moja kubwa? Je, hitilafu zinaripotiwa kwenye mfumo, au mtu hupita mlangoni akasema "ile kitu imekufa tena"? Bila maelezo haya mtafiti ataandika kwamba mradi wenu una hitilafu chache mno, kumbe hazijawahi kuandikwa popote. Ataandika kwamba mtu mmoja anafanya kazi ya watu kumi, kumbe ndiye mwenye funguo tu.

Hatua ya 8: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Mpe mtafiti kazi halisi ndogo ndani ya mradi: kusahihisha maelekezo ya usakinishaji, kutatua hitilafu moja, kuandika jaribio moja likapitiwa kama la mtu mwingine yeyote. Atajua kwa nini jaribio linalochukua saa sita haliendeshwi kila siku. Atajua foleni ya kompyuta kuu ikoje. Ujuzi huo haupatikani kwenye hojaji, na timu yako itaacha kumwona kama mkaguzi.

Nanyi mshike jembe upande wake. Someni maswali ya mahojiano kabla hayajatumwa, mmwambie yapi hayana maana kwa watu wenu. Yule aliyepata majibu mawili kati ya sitini huenda aliuliza kuhusu "wasimamizi wa bidhaa" na "mbio za wiki mbili", maneno ya kampuni za programu, kwa watu wanaoandika programu peke yao kati ya vipindi viwili vya maabara.

Hatua ya 9: Anzeni na wiki sita

Moduli moja, swali moja, wiki sita. Mwishoni kaeni muulizane: kuna kilichobadilika kwenye programu? Kuna kilichojulikana ambacho hakikujulikana? Majibu yote mawili yakiwa hapana, mnaagana vizuri na hakuna aliyepoteza mwaka.

Hatua ya 10: Matokeo yaanzie nyumbani

Kabla ya kongamano, mtafiti awaeleze timu yako alichokiona, ana kwa ana, kwa mifano ya msimbo wenu. Hapo ndipo makosa ya tafsiri hukamatwa. Kila tokeo liambatane na pendekezo linaloweza kufanyika kwa watu mlio nao. Kumwambia mwandishi mmoja wa programu aanzishe timu ya majaribio ni kumwongezea huzuni.

Kisha hifadhini. Wekeni faili la `CITATION.cff` ili programu yenu itajwe ipasavyo. Toleo lililochunguzwa liwekwe Zenodo, ghala la wazi la kazi za utafiti, lipate DOI (kitambulisho cha kudumu), na hifadhi ionekane kwenye Software Heritage, kumbukumbu ya misimbo ya dunia. Makala isiyosema ni toleo gani lililotazamwa haitamsaidia mtu baada ya miaka miwili.

Mambo yakikwama

*Mtafiti amenyamaza miezi miwili.* Angalia kalenda yake kwanza. Huenda ana tarehe ya kuwasilisha makala au mitihani ya kusahihisha. Mwandikie swali moja la kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Akinyamaza tena wiki mbili, tumia kifungu cha kuacha.

*Timu inasema "anatuhukumu".* Mara nyingi wameona nambari bila maelezo, kama jedwali la "harufu mbaya za msimbo" (dalili za msimbo ulioandikwa vibaya) kutoka kwenye zana ya kuchanganua. Kaeni na mtafiti, chagueni tano kati ya hizo, na mseme kila moja imewahi kuwagharimu nini. Zisizowahi kugharimu kitu ziandikwe hivyo kwenye makala. Hilo nalo ni tokeo.

*Mtafiti anasema shida yetu haina jipya.* Anaweza kuwa sahihi. Basi mwombe akuonyeshe suluhisho lililopo, na umwombe mwanafunzi wa shahada ya kwanza alifanye kama mradi. Wewe umepata ulichotaka.

*Tunataka msimbo urekebishwe, yeye anataka data tu.* Rudini kwenye ukurasa wa mapatano. Kama haukusema, ongezeni sasa: kwa kila mwezi wa data, badiliko moja dogo lililokubaliwa kwenye hifadhi. Akikataa, mpeni kile kilicho wazi kwa umma na mwendelee na kazi yenu.

*Mapitio ya makala yamesema mradi mmoja hautoshi.* Hili litakuja. Msaidie kupata miradi miwili mingine kupitia vyama vya wahandisi wa programu za utafiti. Watu watakubali haraka zaidi wakiambiwa na wewe kuliko wakiambiwa na yeye.

*Mwanafunzi amemaliza shahada, zana aliyoiunda inavunjika.* Wiki nne kabla hajaondoka, mtu wa timu yako aisakinishe upya kwenye kompyuta tupu huku mwanafunzi akitazama bila kugusa kibodi. Kila anapokwama ndipo panapohitaji maelezo. Kama hakuna aliyejitolea kuitunza, itoeni kwenye majaribio ya kila siku siku ile ile anayoondoka, muweke nakala yake Zenodo, na mwandike kwenye README, faili la maelezo ya mradi, ilikuwa inafanya nini na kwa nini imesimama.